Kufufua Sauti ya Sintesaiza za Analojia: Uchambuzi wa Tabia za Tandiko la Sauti na Manufaa Yake kwa Hifadhi za Rekodi

Ikisiri

Wanamuziki na mafundi wa studio huisifu sauti ya sintesaiza za miaka ya 1970 na 1980 kwa kusema kwamba ina joto. Makala haya yanaonesha kwamba sifa hiyo haitokani na kijenzi kimoja, bali ni mkusanyiko wa tabia nne zinazoweza kupimwa: tofauti ndogo za tuni, uchujaji wa masafa ya juu, mwendo wa polepole usiokoma, na upotoshaji mdogo wa wimbi. Kwa kulinganisha vyombo viwili maarufu, Prophet-5 ya mwaka 1978 na Juno-60 ya mwaka 1982, makala yanabainisha kwamba sifa ileile inaweza kufikiwa kwa njia tofauti kabisa. Hivyo basi, anayetaka kuifufua sauti hiyo anapaswa kuiga tabia, si kifaa. Mwishoni, makala yanaeleza namna ujuzi huu unavyoweza kuwaongoza watunzaji wa rekodi za zamani na wanaopanga mafunzo ya teknolojia ya muziki katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Katika muziki wa kisasa ipo aina ya sauti ambayo msikilizaji huihisi kabla ya kuitambua. Haipigi wimbo mkuu, haishiki mdundo, wala haianzi kwa kishindo. Huingia taratibu, hutanda chini ya ala nyingine, na inapoondolewa wimbo hubaki mtupu. Mafundi wa studio wa Kiingereza huiita kwa jina ambalo likitoholewa huwa pedi, neno ambalo tayari lina maana nyingine katika Kiswahili cha kila siku. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi tandiko la sauti. Kama lilivyo tandiko la kawaida, sauti hii hutandazwa chini ili vitu vingine vikae juu yake.

Tatizo la pili la istilahi ni kubwa zaidi. Sauti ya tandiko lililotengenezwa kwa sintesaiza za zamani husemwa kuwa ina joto. Mzungumzaji wa Kiswahili husema sauti ni nzito, nyororo, tamu au kavu. Si kawaida yake kusema kwamba sauti ina joto. Kulitafsiri neno hilo moja kwa moja hakumsaidii mwanafunzi anayekaa mbele ya kompyuta akitafuta sauti hiyo. Hata hivyo, ugumu huu una faida yake. Kwa kuwa sitiari hiyo haijazoeleka kwetu, tunalazimika kuuliza: ni nini hasa kinachosikika? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo.

2.0 Namna Sintesaiza ya Analojia Inavyofanya Kazi

Sintesaiza ya analojia huunda sauti kwa mikondo ya umeme inayobadilika bila kukatika, tofauti na kompyuta inayoiwakilisha sauti kwa mfululizo wa namba. Vyombo vingi vya aina hii hufuata njia ya upunguzaji: kwanza hutengenezwa sauti yenye utajiri mwingi, kisha huondolewa kisichotakiwa, kama seremala anavyochonga gogo.

Hatua ya kwanza ni osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi linalojirudia. Wimbi linalotumika sana kwa tandiko la sauti ni la meno ya msumeno, kwa sababu lina hamoniki zote. Hamoniki ya pili huwa na nusu ya nguvu ya ile ya kwanza, ya tatu huwa na theluthi, na kuendelea. Wimbi jingine ni la mpigo, ambalo upana wake unaweza kubadilishwa.

Hatua ya pili ni kichujio. Kwa tandiko la sauti hutumika zaidi kichujio kinachopitisha masafa ya chini na kuyapunguza ya juu. Saketi ya Robert Moog, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1969, huyapunguza masafa kwa desibeli 24 kwa kila oktava juu ya kikomo chake. Hii ni sawa na kuugawa ukubwa wa wimbi kwa takriban 16 kila masafa yanapoongezeka maradufu.

Hatua ya tatu ni kikuza sauti pamoja na saketi inayoamua sauti ipande kwa muda gani, ikae katika kiwango gani, na ishuke kwa muda gani baada ya kidole kuachia. Kwa tandiko, kupanda na kushuka huku hufanywa polepole.

3.0 Vyombo Viwili, Sifa Moja

Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba uzuri wa sintesaiza za zamani unatokana na osileta zisizotulia. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi. Vyombo viwili vinatosha kuonesha upungufu wake.

Prophet-5, iliyotolewa na kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani mwaka 1978, ina sauti tano zinazoweza kulia kwa pamoja, na kila sauti ina osileta mbili zinazoongozwa kwa volti. Kwa hiyo mtu akibonyeza vibonye vitano, osileta kumi hulia. Kila moja ina vijenzi vyake, na vijenzi hivyo huathiriwa na halijoto. Waundaji walilijua jambo hilo. Ndiyo maana waliweka kitufe cha kurekebisha tuni, ambacho huiagiza kompyuta ndogo iliyo ndani ya chombo ipime osileta zote na kuzirudisha kwenye mstari. Hata baada ya marekebisho, tofauti ndogo hubaki. Tofauti hizo ndizo zinazozifanya sauti tano zisikike kama kundi la wapigaji.

Juno-60, iliyotolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1982, ni kinyume chake. Ina sauti sita, na kila sauti ina osileta moja tu. Aidha, masafa ya osileta hizo huongozwa na vihesabio vya kidijitali vinavyofuata saa moja ya kielektroniki. Wimbi lenyewe huundwa kwa saketi ya analojia, lakini tuni haitangitangi. Kama maelezo ya osileta zisizotulia yangekuwa kamili, Juno-60 ingepaswa kusikika kavu. Kinyume chake, imekuwa miongoni mwa vyombo vinavyotajwa zaidi pale mtu anapotaka mfano wa tandiko la sauti nyororo.

Siri yake iko katika mambo mawili. La kwanza ni wimbi la mpigo ambalo upana wake hubadilika polepole. Kihisabati, wimbi la mpigo ni tofauti kati ya mawimbi mawili ya msumeno yaliyopishana kwa muda. Upana unapobadilika, mpishano huo pia hubadilika, na sikio husikia kana kwamba osileta mbili zinacheza pamoja. La pili ni saketi ya korasi iliyowekwa mwishoni mwa njia ya sauti.

Saketi hiyo hutegemea aina ya chipu iliyobuniwa na F. Sangster na K. Teer katika maabara za Philips nchini Uholanzi mwaka 1969. Kazi yake inafanana na watu waliojipanga msururu kuzima moto, wakipokezana ndoo za maji kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua. Kila ndoo ni kiasi cha chaji ya umeme. Mwendo wa kupokezana ukiongezwa, sauti hufika mapema, ukipunguzwa, huchelewa. Katika Juno-60 ipo misururu miwili, mmoja kwa upande wa kushoto na mwingine kwa upande wa kulia. Sauti hucheleweshwa kwa milisekunde chache tu, na ucheleweshaji huo hupanda na kushuka takriban mara moja kila sekunde mbili katika mpangilio wa kwanza wa korasi. Upande mmoja unapoongeza ucheleweshaji, mwingine hupunguza. Sauti iliyocheleweshwa huchanganywa na ile ya asili, na chombo chenye osileta moja kwa kila sauti hugeuka kuwa kundi.

Prophet-5 haina korasi ya ndani. Juno-60 haina osileta zinazotangatanga. Vyote viwili husifiwa kwa neno lilelile. Kwa mantiki hii, sifa hiyo haiwezi kuwa mali ya kijenzi fulani. Ni matokeo ambayo sikio huyapokea, na yanaweza kufikiwa kwa njia zaidi ya moja.

4.0 Tabia Nne Zinazopimika

4.1 Tofauti ndogo za tuni

Tuchukue osileta mbili, moja ikiwa na masafa ya Hezi 220 na nyingine ikiwa juu kwa senti 7, yaani asilimia saba ya nusutoni. Ya pili itakuwa na takriban Hezi 220.9. Sikio litasikia mpwito unaojirudia karibu mara moja kwa sekunde. Hata hivyo, hilo ni kwa hamoniki ya kwanza tu. Hamoniki ya tatu itapwita karibu mara tatu kwa sekunde, na ya kumi karibu mara tisa. Kila sehemu ya sauti huwa na mwendo wake, na mkusanyiko wa miendo hiyo ndio unaoifanya sauti iliyoshikiliwa isichoshe.

Jambo hili si geni katika muziki wa pwani yetu. Ganuni, ala yenye nyuzi nyingi inayopigwa katika taarabu, kwa kawaida huwa na nyuzi tatu kwa kila noti. Nyuzi hizo hutuniwa kwa sauti moja, lakini hazilingani kwa ukamilifu wa kihisabati, na hapo ndipo unene wa sauti yake unapopata sehemu ya asili yake. Fidla kadhaa zinazopiga mstari mmoja hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyekua akisikiliza taarabu ana sikio lililo tayari kuielewa sayansi hii.

4.2 Uchujaji wa masafa ya juu

Wimbi la msumeno bila kichujio ni kali. Kikomo cha kichujio kikishushwa, hubaki hamoniki chache za chini, na sauti hulainika. Chipu za ucheleweshaji nazo huhitaji vichujio ili kuzuia kelele za mpokezano, hivyo huchangia kulainisha. Ni vyema kutambua kwamba uchujaji peke yake hauleti uhai. Sauti iliyochujwa bila mwendo husikika kama redio iliyofunikwa blanketi.

4.3 Mwendo wa polepole

Tandiko zuri halifanani na lenyewe kutoka sekunde moja hadi nyingine. Kichujio hufunguka na kufunga, upana wa mpigo hubadilika, korasi huzunguka. Wakati mwingine mwendo huo hutoka kwa mpigaji mwenyewe. Yamaha CS-80, ambayo Vangelis aliitumia sana katika muziki wa filamu Blade Runner ya mwaka 1982, iliweza kupokea mgandamizo wa kila kidole peke yake, hata noti moja ndani ya kodi ikapanuka huku nyingine zikitulia.

4.4 Upotoshaji mdogo

Transista za kichujio cha Moog hazifuati mstari ulionyooka. Mkondo unapokuwa mkubwa, ncha za wimbi hupindwa kidogo na hamoniki mpya huzaliwa. Kiasi kidogo cha upotoshaji huu hunenepesha sauti, kikizidi, hukwaruza. Mwaka 2004, mtafiti Antti Huovilainen wa Finland aliwasilisha kielelezo cha kidijitali cha kichujio hicho kinachozingatia mpindo huo, na kazi yake imekuwa msingi wa programu nyingi zilizofuata.

5.0 Hatua za Ufufuaji kwa Kompyuta

Hatua zifuatazo zinaweza kutekelezwa kwa programu huria kama vile Pure Data, SuperCollider, Csound au Surge. Viwango vilivyotajwa ni vya kuanzia. Sikio la fundi ndilo litakaloamua mwisho.

Kwanza, kwa kila noti ziwekwe osileta mbili za wimbi la msumeno, moja ikishushwa senti 3 na nyingine ikipandishwa senti 4. Osileta hizo ziwe za aina isiyozalisha masafa ya uongo. Kompyuta inayochukua sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba masafa yanayozidi Hezi 22,050. Hamoniki zinazopita hapo hurudi chini kama ukwaruzo usiohusiana na noti inayopigwa. Sehemu kubwa ya ubaridi unaolaumiwa katika programu za zamani ilitokana na kosa hili, si udijitali wenyewe.

Pili, kila sauti ipewe mtangatango wake wa nasibu, usiozidi senti 2 juu au chini, unaobadilika katika muda wa sekunde kadhaa. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuzipa sauti zote mtangatango mmoja. Matokeo yake ni kodi nzima kuyumba kwa pamoja, kama mtumbwi uliopigwa na wimbi.

Tatu, kiwekwe kichujio cha desibeli 24 chenye kikomo cha kati ya Hezi 800 na 1,500, kikitanguliwa na upotoshaji mdogo. Kikomo kitofautiane kidogo kati ya sauti moja na nyingine, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa katika vyombo halisi.

Nne, sauti ipande kwa takriban sekunde moja na kushuka kwa takriban sekunde mbili. Kichujio kifunguke polepole zaidi ya sauti yenyewe.

Tano, iongezwe korasi yenye njia mbili, ucheleweshaji wa kati ya milisekunde 2 na 5, na mzunguko wa karibu nusu Hezi, pande mbili zikienda kinyume. Sauti iliyocheleweshwa ichujwe tena kidogo kabla ya kuchanganywa na ile ya asili.

Sita, masafa ya chini ya Hezi 120 hivi yapunguzwe ili gitaa la besi lipate nafasi. Tandiko linalosikika la kupendeza peke yake mara nyingi huufukia wimbo linapochanganywa na ala nyingine.

Iwapo tuni imekwishapewa mtangatango mwingi, korasi ipunguzwe, na kinyume chake. Prophet-5 na Juno-60 zinatufundisha kwamba njia hizi mbili hupokezana. Zikirundikwa zote kwa ukubwa, sauti hupoteza tuni yake.

6.0 Kwa Nini Jambo Hili Linazihusu Hifadhi za Rekodi

Inaweza kuulizwa kama ufundi huu unawahusu washauri wa sera. Jibu ni kwamba unawahusu kwa namna mbili.

Kwanza, vyombo vyenyewe vinakufa. Juno-106 ya mwaka 1984, mrithi wa Juno-60, hutumia chipu za sauti zilizofunikwa kwa utomvu mgumu, na zinajulikana kwa kuharibika kadiri miaka inavyopita. Wamiliki hulazimika kuubandua utomvu huo kwa kemikali au kununua chipu mbadala zilizoundwa upya. Makumbusho inayohifadhi chombo bila kupima na kuandika tabia zake inahifadhi sanduku ambalo siku moja litanyamaza.

Pili, hifadhi nyingi za sauti katika ukanda wetu zina rekodi zilizosalia katika kanda. Kanda nazo huyumba kwa sababu mota za mashine hazizunguki sawasawa, na hupoteza masafa ya juu. Kwa maneno mengine, kanda iliyochakaa huiga baadhi ya tabia zilizoelezwa hapo juu. Fundi anayeigeuza rekodi ya mwaka 1984 kuwa ya kidijitali hukabiliwa na swali zito: huu mtikisiko ni maradhi ya kanda au ni uamuzi wa mwanamuziki?

Uchambuzi wa tabia hutoa kipimo. Ikiwa tuni inayumba kwa uwiano uleule katika kila kitu, yaani mwimbaji, gitaa na kinanda kwa pamoja, chanzo ni kanda au mashine. Ikiwa noti za kinanda pekee zinatofautiana kila moja kwa njia yake huku ala nyingine zimetulia, chanzo ni osileta. Ikiwa noti zote za kinanda zinayumba pamoja, upande wa kushoto ukipanda pale wa kulia unaposhuka, chanzo ni korasi. Kipimo hiki cha mwisho huhitaji rekodi ya njia mbili.

Asiyefahamu tofauti hizi anaweza kufanya uharibifu kwa nia njema. Programu ya kunyoosha mwendo wa kanda, ikielekezwa bila uangalifu, huweza kuihesabu korasi kuwa dosari. Programu ya kuondoa mvumo huweza kufuta mvumo uliokuwa sehemu ya saketi ya chombo. Nakala inayopatikana huwa safi, lakini si ya wimbo uleule.

Aidha, mtafiti asidhani kwamba kila kinanda cha miaka ya 1980 ni cha analojia. Yamaha DX7, chombo cha kidijitali kilichoenea sana duniani, ilitolewa mwaka 1983. Mengi yanayosikika katika rekodi za muongo huo yalitoka katika vyombo vya namna hiyo. Ni busara kupima kwanza, kisha kubandika jina.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba kinachoitwa joto la sauti ni jina la jumla la tabia nne, na kwamba vyombo vilivyotofautiana kimsingi vimezifikia kwa njia zao. Anayezielewa tabia hizo hahitaji chombo cha bei ya gari ili kuifufua sauti. Kompyuta ya kawaida na programu huria zinamtosha.

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, hifadhi za sauti ziweke nakala ghafi ya kila kanda kabla ya usafishaji wowote, na ziandike kila hatua iliyochukuliwa baada ya hapo. Pili, mafunzo ya teknolojia ya muziki yaanze na usikilizaji na upimaji, yakitumia ala ambazo wanafunzi wanazijua, kabla ya kuwafundisha kubofya vitufe vya programu. Tatu, wanaoshughulikia istilahi za Kiswahili wakae pamoja na mafundi wa studio. Fundi asiye na neno la kuitofautisha korasi na mtikisiko wa kanda ataviita vyote kelele, na akishaviita kelele atavifuta.